Mbwa Anabweka Usiku Kucha: Tutafute Sababu Kabla ya Kushika Fimbo



Somo letu la leo linahusu mbwa anayebweka mno. Wengine mtacheka. Mtasema, "Ati tumejifunza kusoma na kuandika ili tuje kusoma habari za mbwa?" Ngojeni kwanza. Katika vijiji tunavyopita kufundisha tumekuta majirani wasiosalimiana kwa sababu ya mbwa. Tumekuta mume na mke wamenuniana, mmoja anasema mbwa auawe, mwingine anasema mbwa ndiye mlinzi wa mbuzi. Tena tumekuta mahali watu wametupa nyama yenye sumu uani kwa mwenzao. Hilo si jambo la kucheka.

Wazee wamesema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ni kweli. Lakini kelele za mbwa zinamzuia mtu kulala, na mtu asiyelala hashiki jembe vizuri kesho yake. Mwenye mgonjwa ndani ya nyumba, au mtoto mchanga, anaelewa zaidi tunachosema.

Basi tuulize: kwa nini mbwa anabweka? Na je, tunaweza kumpunguzia kelele bila kumpiga wala kumuua?

MBWEKO NI MANENO

Mbwa anabweka kwa sababu ana jambo la kusema. Hawezi kutamka "mwizi". Hawezi kutamka "nimefungwa tangu asubuhi na sijanywa maji". Ana sauti yake tu, na anaitumia kwa mambo yote.

Mbwa wa kufugwa ametokana na mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Asia. Si huyu mbwa mwitu wetu wa mbugani mwenye mabaka. Yule wa kijivu, akishakua, hubweka mara chache sana. Mbwa wetu amezidi. Wataalamu wengi wanaona sababu ni kwamba ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, na binadamu ndiye aliyempenda na kumtunza mbwa anayetoa taarifa.

Lakini si mbwa wote wanabweka sawa. Katika misitu ya Kongo wako mbwa wadogo wa kuwindia, wenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, ambao hawabweki kama hawa wetu. Hutoa sauti kama ya kuimba. Wawindaji huwafunga shingoni njuga ya mti ili wajue mbwa yuko wapi porini. Mwaka 1937 mbwa hao walionyeshwa London katika maonyesho ya mbwa, na watu walisongamana kuwatazama. Huko Ulaya wanaitwa Basenji.

Hao hatunao hapa. Wa kwetu anabweka, na sisi tunataka abweke. Fisi akiingia zizini naye akanyamaza, ana kazi gani?

Kwa hiyo hatutafuti mbwa bubu. Tunatafuta mbwa anayebweka penye sababu, na kunyamaza sababu ikiisha. Mbwa anayebweka kila kitu, jani likianguka anabweka, kuku akijikuna anabweka, huyo si mlinzi hata kidogo. Siku mwizi atakapokuja kweli, nani ataamka? Mwenye nyumba atageuka upande wa pili kitandani na kusema, "Aa, ni yule yule na kelele zake." Asubuhi mbuzi hayupo.

TUSIKILIZE SAUTI KWANZA

Mwaka 2005 watafiti wa nchi ya Hungaria walieleza jaribio walilofanya. Walinasa sauti za mbwa katika hali mbalimbali: mgeni amefika, mbwa amefungwa peke yake, mbwa anacheza, na nyinginezo. Kisha waliwasikilizisha watu sauti hizo bila kuwaonyesha mbwa. Watu walitambua hali ile mara nyingi kuliko mtu anayebahatisha tu, hata wale ambao hawajafuga mbwa maishani mwao. Mbweko mnene, wa haraka haraka, waliusikia kuwa ni wa hasira. Mbweko mwembamba, unaokuja mmoja mmoja kwa kuachana, waliusikia kuwa ni wa hofu au wa kukata tamaa.

Nanyi mnalo sikio hilo hilo. Ila hatulitumii, kwa sababu tukisikia mbweko tunaanza na hasira. Leo usiku jaribu kusikiliza.

Sababu za kubweka ni nyingi. Njaa na kiu. Hofu. Mbwa wa ng'ambo ya mto anabweka, huyu wako anajibu. Jike liko kwenye joto, jambo linalotokea kama mara mbili kwa mwaka na kuchukua wiki tatu hivi, basi madume ya kijiji kizima yanakusanyika na hakuna anayelala. Kupe na viroboto. Kidonda chenye funza. Uzee pia: mbwa mzee akipungukiwa macho na masikio huweza kubweka gizani bila sisi kuona lolote.

Lakini sababu tunayoikuta mara nyingi vijijini ni kamba.

Watu wengi humfunga mbwa kwa kamba fupi mchana kutwa na usiku kucha. Wanasema atakuwa mkali. Kweli anakuwa mkali, lakini hachagui. Anakuwa mkali kwa mwizi, na kwa mtoto wa jirani aliyekuja kuazima ungo, na kwa bibi mwenye mzigo wa kuni. Hebu fikirini. Mbwa huru akisikia kitu kichakani huenda kukinusa. Pua yake inajua mambo mengi kuliko macho yetu. Akishanusa na kuona kumbe ni mbuzi wa nyumbani, basi, yamekwisha. Na kitu kikimzidi nguvu hukimbia. Mbwa aliyefungwa hawezi kwenda kunusa, wala hawezi kukimbia. Kilichobaki ni kupiga kelele tu. Sisi wenyewe tumemfungia njia mbili na kumwachia ya tatu, halafu tunamchapa kwa kuitumia.

SASA KAZI YA KALAMU

Hapa ndipo kusoma na kuandika kunapoingia. Chukua daftari. Kwa siku saba, kila mbwa anapobweka kwa muda mrefu, andika mambo manne: saa ngapi, sauti ilikuwaje, kulikuwa na nini, na kitu gani kilimnyamazisha. Maneno machache yanatosha. Kama huna saa, andika "baada ya chakula cha jioni" au "jogoo wa kwanza".

Tuseme daftari lako linasomeka hivi:

Jumatatu, saa 12 jioni. Mbweko mnene. Watoto wanatoka kisimani. Alinyamaza walipokwisha pita.

Jumatatu, saa 4 usiku. Mbweko mwembamba. Hakuna mtu. Amefungwa nyuma ya jiko. Alinyamaza alipotupiwa ukoko wa ugali.

Jumanne, saa 4 usiku. Vile vile. Ukoko tena.

Jumatano, saa 4 usiku. Vile vile. Baba alimtupia kiatu. Alinyamaza kidogo, akaanza tena. Mama akampa ukoko.

Alhamisi, saa 9 usiku. Mbweko mnene sana, wa haraka. Hatukutoka. Asubuhi tuliona nyayo za fisi karibu na zizi.

Rudieni kusoma polepole. Mnaona nini? Kabla ya kuandika, mwenye nyumba alikuwa anasema, "Mbwa huyu anabweka tu, hana akili." Kumbe ni mbweko tatu tofauti. Ule wa saa 12 ni wa wapita njia, na una mwisho. Ule wa saa 4 ni wa chakula. Ule wa Alhamisi ni wa kazi yenyewe. Mbwa huyo angeuawa Jumatano, nani angetoa habari ya fisi?

Tazameni tena ule wa saa 4. Mbwa amejifunza kwamba akibweka analetewa ukoko. Nani kamfundisha? Watu wa nyumba ile ile wanaolalamika. Hawakukusudia. Walitaka usingizi tu. Lakini kila usiku walimlipa mshahara wa kubweka.

Zamani huko Urusi alikuwako mtaalamu aitwaye Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Aliona kwamba mbwa anayezoea kusikia mlio fulani kabla ya kupewa chakula, baadaye hutokwa na mate akisikia mlio tu, hata chakula hakijaonekana. Mbwa anaunganisha mambo yanayofuatana. Hicho ndicho chanzo cha mafunzo yote ya mbwa, mazuri na mabaya.

Ndiyo maana fimbo haisaidii. Mgeni anapita, mbwa anabweka, wewe unamrushia jiwe. Unadhani amejifunza kunyamaza. Yeye anaweza kuwa amejifunza jambo jingine kabisa: wageni wakitokea, maumivu yanafuata. Mgeni wa pili atachukiwa zaidi kuliko wa kwanza. Na ukimpigia makelele, "Nyamaza wewe! Nyamaza!", yeye hajui Kiswahili cha namna hiyo. Anaona na wewe umetoka kumsaidia kubweka.

NAMNA YA KUMTULIZA

Anza na mwili wake. Maji yawepo mchana kutwa, kivulini, katika chombo kisichopinduka. Chakula kiwe na saa yake, na kwa mbwa wa mfano wetu kiwe jioni mapema, kabla hajaanza kudai. Akishiba kabla ya saa 4, saa 4 haina maana tena kwake. Umtazame masikio na miguu kama ana kupe.

Kisha kamba. Kama una ua, mfungulie ndani ya ua. Kama huna ua, funga waya au kamba ndefu kati ya miti miwili, na mnyororo wake uteleze juu yake, apate kutembea huku na huku. Usimfunge penye njia ya watu wa kisimani. Sogeza makao yake nyuma, au weka ukuta wa mabua ili asione kila mguu unaopita. Asiyeona mengi habweki mengi. Kibanda chake kikiwa karibu na zizi au karibu na mlango wa nyumba, upweke unapungua, maana mbwa ni mnyama wa kundi, na kundi lake sasa ni ninyi.

Baada ya hapo ndipo ufundishe. Chagueni neno moja, watu wote wa nyumba walitumie hilo hilo. Sisi tunapenda neno "Basi", ni fupi. Weka vipande vidogo vya dagaa mfukoni. Mbwa akibweka, nenda ukatazame anachokibwekea, maana huenda ana haki. Kama ni jambo dogo, simama naye kimya. Atakapotua hata kwa kuvuta pumzi, sema "Basi" kwa sauti ya chini na umpe dagaa papo hapo. Papo hapo, si baada ya kwenda jikoni na kurudi. Ukichelewa, hajui analipwa kwa lipi. Kesho yake ngoja kimya kirefu zaidi kidogo, halafu umpe. Taratibu ataelewa kuwa kunyamaza kuna faida.

Kwa mbweko wa kudai kitu, dawa ni kutompa kabisa anapobweka. Wala usimtazame, wala usimgombeze. Hapa tuseme wazi, maana ndipo wengi wanaposhindwa: siku za kwanza atazidisha. Mlango aliouzoea kufunguliwa kwa kugonga mara tatu, sasa atagonga mara kumi. Kama ukikataa siku tatu, kisha siku ya nne ukachoka na kumpa ukoko, umemfundisha kwamba inafaa kubweka siku nne. Heri usingeanza.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza, nenda kwa jirani. Mwambie, "Ndugu yangu, najua mbwa wangu anakusumbua. Nimeanza kumfundisha. Juma hili kelele zinaweza kuzidi kidogo, tuvumiliane." Tumeona maneno hayo yakipoza watu ambao walikuwa tayari kwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Jirani hukasirishwa na kelele, lakini hukasirishwa zaidi na kudharauliwa.

Tena tukumbuke kwamba katika vijiji vyetu tunaishi na Waislamu wengi. Kwao mate ya mbwa ni najisi. Mbwa akitia ulimi katika sufuria, wengi wao hukiosha chombo hicho mara saba, mara moja kwa udongo. Mbwa wako mzururaji anawapa kazi hiyo wakati wewe umelala. Mwenye mbwa ndiye anayepaswa kumzuia.

Na wewe jirani unayesumbuliwa, sumu uiache. Nyama yenye sumu haina macho. Anaweza kuila kuku, akaila paka, akaiokota mtoto. Mwezeshe mwenye mbwa kujua tatizo: hata wewe unaweza kuandika daftari la saa anazobweka, ukampelekea. Karatasi haina hasira. Mkikaa watu wawili mkiwa na karatasi katikati, mnazungumza juu ya saa 4 usiku, si juu ya ukoo wa mtu.

Anayefuga mtoto wa mbwa ana bahati, kazi yake ni nyepesi. Tangu wiki ya tatu mpaka kama ya kumi na mbili, kijibwa hujifunza kipi ni cha kawaida na kipi ni cha kuogopa. Katika siku hizo azoeshwe watoto, wazee wenye mikongojo, baiskeli, pikipiki, mwavuli, mbuzi na kuku. Asipigwe mbele ya vitu hivyo. Akikua hatavibwekea ovyo.

SAUTI IKIBADILIKA GHAFLA

Haya yote tuliyosema ni ya mbwa mzima. Iko sauti moja ambayo si ya kufundishwa wala kuvumiliwa. Mbwa mpole anaanza kunguruma na kuuma ovyo, hata vijiti na mawe. Au mbwa mkali anakuwa mpole kupita kiasi. Mbweko wake unakwaruza, kama mtu aliyekaukiwa koo. Mate yanamtoka, hawezi kumeza. Hizo zaweza kuwa dalili za kichaa cha mbwa.

Wakati mwingine taya linalegea, mdomo unabaki wazi, na watu wanadhani amekwamwa na mfupa. Mtu mwema anatia mkono ili autoe. Msitie mkono! Ugonjwa uko katika mate. Waondoeni watoto, msimkaribie, mpelekeeni habari Bwana Mifugo wa kata mara moja.

Mtu akiumwa, au akirambwa penye kidonda, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Dakika 15 ni nyingi, mtachoka, lakini muoshe. Kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kupata chanjo, hata kama jeraha ni dogo kama mkwaruzo. Asingoje aone dalili. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa.

Mbwa achanjwe, na chanjo irudiwe kila mwaka au kama Bwana Mifugo atakavyosema. Mbwa 70 katika kila 100 wa kijiji wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mahali pengi chanjo hutolewa siku za karibu na hapo. Ulizeni mapema katika ofisi ya kata, na mkienda mpeleke mbwa kwa kamba. Siku hiyo kamba ina kazi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

Katika daftari la mfano, baba alitupa kiatu siku ya Jumatano. Mbwa alijifunza nini?

Hapa kijijini kwetu, ni mbwa wangapi wanafungwa mchana kutwa, na wamefungwa wapi?

Ni nani katika kikundi anayesumbuliwa na mbwa wa jirani? Msaidieni kuandika barua fupi ya kumpelekea jirani huyo, isiyo na tusi, yenye saa na siku.

Mbwa wa kila mmoja wetu alichanjwa lini mara ya mwisho? Andikeni tarehe. Ambaye hakumbuki aandike jina la mbwa wake tu, na orodha hiyo apelekewe Bwana Mifugo.